Kushindilia Jeraha Linalotoa Damu Nyingi: Somo la Huduma ya Kwanza kwa Wakazi wa Namanga na Barabara Kuu ya Kajiado

Kutoka Namanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado ni mwendo wa kilomita zipatazo 80. Gari zuri, barabara ikiwa wazi, hutumia saa moja au zaidi. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kuishiwa damu na kufa katika muda wa dakika 3 hadi 5. Hata ambulensi ikiwa imeegeshwa mjini Namanga kwenyewe, ni vigumu iwahi ajali iliyotokea Maili Tisa au malisho yaliyo ndani kuelekea Amboseli kabla ya dakika hizo kwisha. Anayeweza kuwahi ni yule aliye karibu: mchungaji mwenzake, utingo wa lori, mama wa duka, mwendeshaji boda boda.

Somo hili linaeleza jambo moja ambalo mtu huyo anaweza kulifanya kwa mikono yake na kitambaa: kushindilia jeraha. Maana yake ni kujaza kitambaa ndani ya jeraha lenye kina mpaka kiufikie mshipa unaovuja, kisha kuubana hapo hapo bila kuachilia.

Majeraha ya namna hii hutoka wapi

Namanga ni mji wa mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, malori ya Kenya na Tanzania hupita hapo mchana na usiku, na barabara hiyo hiyo hukata katikati ya Kitengela, Isinya, Kajiado na Ilbissil. Ajali za malori, matatu na pikipiki huacha watu wakiwa wamechanwa na mabati na vioo.

Barabara si chanzo pekee. Nyati na ndovu hutoka mbugani na kukutana na wachungaji kwenye njia za maji. Ng'ombe dume hutoboa paja kwa pembe wakati wa kuogesha mifugo. Katika karakana za Kitengela, jiwe la mashine ya kukatia vyuma huvunjika likaruka. Kwenye machinjio kisu huteleza. Nyumbani, panga la kukata kuni hukosea. Chanzo ni tofauti, lakini hatari ni ile ile: mshipa umekatika ndani ya nyama, na damu haisimami.

Kiasi cha damu ambacho mwili unaweza kupoteza

Mtu mzima ana damu ya takriban mililita 70 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 ana lita 4 na kidogo. Akipoteza asilimia 40, ambayo ni takriban lita 1.7, maisha yake yamo hatarini. Hizo ni zaidi ya chupa tatu za soda za nusu lita.

Kwa mtoto hesabu ni ya kutisha zaidi. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 800 tu. Chupa moja ndogo ya soda, ile ya mililita 300, ni zaidi ya theluthi moja ya damu yake yote. Kwa hiyo damu inayoonekana kidogo juu ya nguo ya mtoto isipuuzwe.

Dalili za kuvuja damu kunakoweza kuua ni hizi:

- Damu inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo, au inatiririka bila kukoma.
- Damu inakusanyika ardhini na kufanya dimbwi.
- Nguo au bandeji inalowa upesi baada ya kuwekwa.
- Mkono au mguu umekatika wote au sehemu yake.
- Majeruhi anaanza kuchanganyikiwa, kusinzia, kutokwa na jasho baridi, au ngozi yake inapauka.

Dalili ya mwisho ikionekana, muda uliobaki ni mfupi sana. Mwokoaji hapaswi kuingoja.

Kwa nini kufunika juu hakutoshi

Wakazi wengi wa Kajiado wanalijua bomba la maji la Nolturesh linaloanzia Loitokitok. Bomba la namna hiyo likipasuka chini ya udongo, hakuna anayelizuia kwa kutandaza gunia juu ya tope. Gunia litalowa na maji yataendelea kutoka. Ni lazima kuchimba hadi kwenye bomba lenyewe na kulibana pale lilipopasuka.

Jeraha lenye kina liko vivyo hivyo. Mshipa ukikatika, ncha zake hurudi nyuma ndani ya nyama. Kitambaa kilichowekwa juu ya ngozi hunyonya damu tu na hakiufikii mshipa. Mtazamaji huona kitambaa kikilowa, huongeza kingine, kisha kingine, na kila kimoja huficha damu inayoendelea kupotea chini yake. Kitambaa kilichoshindiliwa ndani hufanya kazi mbili. Kwanza hupeleka nguvu ya mikono hadi kwenye mshipa. Pili, nyuzi zake hutoa mahali pa damu kushika na kuganda. Lakini damu haiwezi kuganda ikiwa inaendelea kusukumwa nje, ndiyo maana kubonyeza kwa muda mrefu ni muhimu sawa na kushindilia kwenyewe.

Funzo kutoka Mogadishu

Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, katika mapigano ya Mogadishu, Somalia, askari mmoja wa Marekani alipigwa risasi sehemu ya juu ya paja, karibu na kinena. Ateri kubwa ilikatika. Mkanda wa kukaza haukuweza kumsaidia kwa sababu jeraha lilikuwa juu mno, na hapakubaki sehemu ya mguu ya kufunga. Wenzake walibonyeza jeraha, na mganga wa kikosi akajaribu kuubana mshipa kwa mkono. Magari ya uokoaji hayakuweza kuwafikia. Askari huyo alifariki baada ya saa kadhaa.

Kifo hicho kilichunguzwa kwa makini na madaktari wa kijeshi. Mwaka 1996 ulichapishwa mwongozo mpya wa huduma ya kwanza vitani, na katika miaka iliyofuata zikatengenezwa shashi zenye dawa ya kuharakisha kuganda kwa damu, mahsusi kwa majeraha ya kinena, kwapa na bega ambako mkanda haufungiki. Baada ya mauaji ya watoto katika shule ya Sandy Hook nchini Marekani, Desemba 2012, madaktari wa upasuaji walianza kusisitiza kwamba raia wa kawaida pia wafundishwe. Kampeni ya kufundisha umma ilizinduliwa huko mwaka 2015. Elimu iliyotokana na vita sasa ni ya mwalimu, dereva na mchungaji.

Mahali pa kushindilia na mahali pasipofaa

Kushindilia kunafaa kwa majeraha yenye kina katika mikono na miguu, na hasa katika maungio ya mwili: kinena, kwapa, bega, na chini ya shingo karibu na mtulinga.

Hakufai katika sehemu hizi:

- Kifua. Kitambaa hakiwezi kuufikia mshipa ulio ndani na kinaweza kuzuia pumzi. Jeraha la kifua lililo wazi lisizibwe kabisa. Majeruhi akae mkao unaomrahisishia kupumua, kisha akimbizwe hospitalini.
- Tumbo. Utumbo ukitoka nje, usirudishwe ndani. Ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji safi.
- Kichwa. Fuvu linaweza kuwa limevunjika. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi bila kukandamiza mahali palipobonyea.
- Jicho. Lisibonyezwe kamwe.

Shingoni, mwokoaji abonyeze upande unaovuja tu. Asifunge bandeji kuzunguka shingo, na asibonyeze pande zote mbili kwa pamoja.

Ikiwa kisu, chuma au kipande cha mti kimekwama mwilini, kisichomolewe. Huenda ndicho kinachouziba mshipa. Mwokoaji azungushe vitambaa pembeni mwake na kubonyeza kandokando.

Hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: Usalama.* Mwokoaji anayegongwa na lori huongeza majeruhi wa pili. Kwanza aangalie magari, moto, nyaya za umeme na mnyama aliyejeruhi, kwa kuwa nyati aliyekasirika huweza kurudi. Lori la mafuta likipinduka, watu wote wakae mbali isipokuwa wanaookoa. Zaidi ya watu 100 walikufa Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009, moto ulipowakumba waliokuwa wakichota mafuta.

Mwokoaji ajikinge na damu kwa glavu. Zikikosekana, mfuko wa plastiki wa mkate uliogeuzwa juu ya mkono unasaidia.

*Hatua ya 2: Simu.* Mtu mmoja atajwe waziwazi apige simu, badala ya kusema tu "mtu apige". Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Polisi hupatikana kwa 999 au 112. Maneno yawe mafupi: "Niko barabara ya Namanga, kati ya Ilbissil na Maili Tisa, upande wa kwenda Namanga. Mtu mmoja amekatwa paja, damu inaruka. Tunabonyeza jeraha." Mwenye simu asikate hadi aambiwe.

*Hatua ya 3: Kuliona jeraha.* Nguo ikatwe au ipasuliwe. Damu iliyojaa ndani ya jeraha ifutwe haraka ili mahali hasa inapotokea paonekane. Wakati kitambaa kinatafutwa, mkono usikae bure. Vidole au ngumi vibonyeze hapo hapo.

Jeraha la kinena huleta haya, hasa pale mwokoaji na majeruhi wanapokuwa mwanamume na mwanamke, au kijana na mzee. Heshima inalindwa kwa kumfunika majeruhi shuka sehemu nyingine zote na kumweleza: "Mama, umeumia sehemu mbaya. Nitaweka mkono hapa kuzuia damu, na huyu dada yako yuko nasi." Kungoja hadi apatikane mtu wa jinsia moja naye kunaweza kumgharimu uhai.

*Hatua ya 4: Kushindilia.* Kitambaa bora ni shashi ya bandeji, ile nyembamba yenye matundu madogo inayouzwa katika maduka ya dawa ikiwa imekunjwa kama roli. Isipokuwepo, leso ya pamba iliyopasuliwa kuwa utepe mrefu, fulana ya pamba au shati safi vinafaa. Shuka nene ya nyuzi zisizonyonya maji haifai kushindiliwa, lakini itahitajika baadaye kumpa majeruhi joto. Utepe mmoja mrefu ni bora kuliko vipande vidogo vingi, kwa sababu vipande vidogo vinaweza kusahaulika ndani.

Mwokoaji atangulize ncha ya kitambaa kwa kidole hadi mahali damu inapotokea, akisukuma kuelekea mfupa. Kidole hicho kibaki pale kikibana huku kidole cha mkono wa pili kikiingiza sehemu inayofuata. Kisha cha kwanza kitoke, kichukue sehemu nyingine, na kuendelea hivyo kwa zamu. Wakati wowote kuwe na kidole kinachobana. Pembe zote za jeraha zijazwe mpaka lisiweze kupokea zaidi na kitambaa kitokeze juu ya ngozi. Jeraha la pembe ya nyati linaweza kumeza roli mbili au zaidi.

Majeruhi ataumia, pengine atapiga kelele na kuusukuma mkono. Hiyo si sababu ya kuacha. Aambiwe ukweli: "Ndugu, itauma sana, lakini damu ndiyo tunayoizuia. Niangalie, endelea kuongea nami."

*Hatua ya 5: Kubonyeza.* Majeruhi awe amelala juu ya ardhi ngumu. Mwokoaji apige magoti, anyooshe mikono yote miwili, na kutumia uzito wa mwili wake, siyo nguvu za vidole pekee. Kwa kitambaa cha kawaida abonyeze dakika 10 kamili kwa saa ya simu. Kwa shashi yenye dawa ya kugandisha damu, angalau dakika 3. Asifunue kuchungulia. Kila anapofunua hubandua damu iliyoanza kuganda, na kazi huanza upya.

Damu ikiendelea kupenya, kitambaa kingine kiongezwe juu na nguvu ya kubonyeza iongezwe. Kilichoko ndani kisitolewe.

*Hatua ya 6: Kufunga na kutunza joto.* Damu ikitulia, kitambaa kifungwe pale pale kwa bandeji au leso iliyokazwa. Majeruhi afunikwe kwa shuka au blanketi, na kitu kitandikwe chini yake pia. Mwili uliopoa haugandishi damu vizuri, na usiku wa Kajiado una baridi. Asipewe chakula wala kinywaji, hata chai, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji mara tu afikapo.

*Hatua ya 7: Safari.* Majeruhi asafirishwe akiwa amelala, na mtu mmoja aendelee kuangalia au kubonyeza jeraha njiani. Kumkalisha kwenye boda boda katikati ya watu wawili ni hatari: hakuna anayeweza kubonyeza, na akizimia ataanguka. Nyuma ya Probox au pikapu panafaa zaidi. Kitambaa kisiondolewe hadi hospitalini, na mhudumu wa afya aelezwe mambo matatu: kilichomjeruhi, saa alipojeruhiwa, na idadi ya vitambaa vilivyo ndani.

Mkanda wa kukaza na funzo la ng'ombe

Jeraha likiwa mkononi au mguuni na damu inaruka, mkanda wa kukaza unaweza kuokoa maisha, hasa pale mwokoaji yuko peke yake au majeruhi ni wengi. Lakini mkanda uliofungwa vibaya huongeza hatari. Sababu yake wafugaji wa Kimaasai wanaijua tangu zamani, pengine bila kuifikiria kwa binadamu.

Mfugaji anapotaka kutoa damu ya ng'ombe kwa ajili ya kunywa, humfunga kamba shingoni. Kamba hiyo haizuii damu inayotoka moyoni, kwa kuwa ateri ziko ndani zaidi na zina msukumo mkubwa. Inazuia damu inayorudi. Mshipa wa juu hufura, mshale hupigwa, na damu hutoka kwa wingi. Kiasi kinachotakiwa kikipatikana, kamba hulegezwa, na damu hupungua.

Mkanda wa suruali au kamba iliyofungwa kwa ulegevu juu ya jeraha la mtu hufanya kazi ile ile ya kamba ya ng'ombe. Damu inaendelea kuingia mguuni kupitia ateri, haiwezi kurudi, na inamwagika zaidi kupitia jerahani. Mkanda ama ukazwe mpaka damu isimame kabisa, ama usifungwe.

Anayetengeneza mkanda kwa dharura atumie kitambaa chenye upana wa sentimita 5 hivi, siyo kamba nyembamba wala waya unaokata nyama. Kifungwe sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, upande wa moyo, kisiwe juu ya goti wala kiwiko. Kijiti kigumu kifungwe juu ya fundo, kizungushwe mpaka damu ikome, kisha kizuiwe kisirudi. Saa ya kufunga iandikwe kwa kalamu kwenye ngozi au nguo. Mkanda usilegezwe njiani. Chini ya saa 2, mguu kwa kawaida hunusurika, nao ni muda unaotosha kufika Kajiado kutoka Namanga iwapo safari itaanza mara moja.

Tahadhari moja: hayo yote hayahusu kuumwa na nyoka. Aliyeumwa na nyoka asifungwe mkanda, asichanjwe, na jeraha lisinyonywe. Atulizwe, asitembee, na apelekwe hospitalini.

Mambo ya kuacha

Majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, ugoro, sukari, majani ya chai na mafuta ya taa havisimamishi damu ya mshipa mkubwa. Hupoteza dakika, huficha mahali damu inapotokea, na huingiza viini. Vingine vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Kuosha jeraha linalomwaga damu nyingi kungoje. Damu kwanza, usafi baadaye. Kitambaa kisichokuwa safi kabisa ni bora kuliko kukosa kitambaa, kwa kuwa maambukizi hutibiwa hospitalini na damu iliyokwisha mwilini haina subira. Kila aliyepata jeraha la namna hii aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyeng'atwa na mbwa, fisi au bweha ahitaji pia chanjo ya kichaa cha mbwa, na jeraha lake lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 mara damu inapodhibitiwa.

Haki ya majeruhi

Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaeleza kuwa matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa hali yake, na kumpeleka kituo kingine inapohitajika. Familia haipaswi kubaki nyumbani na majeruhi ikitafuta pesa kwanza.

Matibabu hayo huhitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, nchi iliona wazi uzito wa kuwa na akiba ya damu iliyopimwa. Mtu mwenye afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia. Mwanamume huweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Maandalizi na mazoezi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuweka sanduku la huduma ya kwanza. Masanduku mengi hujaa plasta za vidole na dawa ya maumivu. Sanduku la karakana, machinjio, shule, matatu au boma liongezwe vitu hivi: roli mbili au zaidi za shashi, bandeji pana ya kufungia, glavu, mkasi unaokata nguo, kalamu isiyofutika, na kijiti kigumu pamoja na utepe wa kitambaa.

Ustadi haupatikani kwa kusoma pekee. Kikundi cha boda boda, chama cha akina mama au darasa linaweza kufanya zoezi hili kwa gharama ndogo. Kinunuliwe kipande kinene cha nyama kisicho na mfupa. Kitobolewe kwa kisu tundu lenye kina cha kidole kizima. Kila mwanakikundi ashindilie utepe wa leso mpaka tundu lijae, kisha abonyeze kwa mikono miwili dakika 10 huku mwenzake akishika saa. Wengi hugundua mambo mawili: tundu dogo hula kitambaa kingi kuliko walivyodhani, na dakika 10 ni ndefu. Ni heri kuyagundua hayo kwenye nyama ya buchari kuliko kwenye paja la jirani. Nyama iliyofanyiwa zoezi isiliwe.

Vikundi vinavyotaka mwalimu viulize katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji, au vipeleke ombi katika baraza la chifu.

Maswali ya kujipima

1. Mchungaji ametobolewa kinena na pembe ya nyati. Je, afungwe mkanda wa kukaza?
*Jibu:* La. Mkanda haufungiki kinenani. Jeraha lishindiliwe kitambaa na kubonyezwa dakika 10.

2. Kitambaa kilichoshindiliwa kimeanza kulowa juu. Je, kitolewe ili kiwekwe kikavu?
*Jibu:* La. Kingine kiongezwe juu na nguvu ya kubonyeza iongezwe.

3. Fundi amekatwa mkono, na mwenzake amemfunga mkanda wa suruali juu ya jeraha. Damu inatoka zaidi kuliko awali. Kuna kosa gani?
*Jibu:* Mkanda umelegea. Umezuia damu inayorudi bila kuzuia inayoingia. Ukazwe kwa kijiti mpaka damu isimame, na mtu aendelee kubonyeza jeraha wakati huo.

4. Abiria ana kipande cha chuma kilichokwama begani. Nini kifanyike?
*Jibu:* Kisichomolewe. Vitambaa vizungushwe kandokando yake na kubonyezwa.

5. Majeruhi anaomba maji njiani kuelekea Kajiado. Je, apewe?
*Jibu:* La. Afunikwe apate joto, aongeleshwe, na safari iendelee.

Ukurasa huu unaweza kukatwa na kubandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la huduma ya kwanza. Namba 1199, 999 na 112 ziandikwe pia ukutani, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma.